Altaneta ya Perkins 4-108 imekufa: usitafute jina, tafuta vipimo

Nahodha mmoja anayetunza boti ya matanga pale Kilifi ameniandikia kuhusu altaneta, mashine ndogo inayozungushwa na injini ili kuchaji betri: "Boti ni ya futi 36, imejengwa Uingereza miaka ya 1970, na injini ni Perkins 4-108 yake ya asili. Altaneta ni Lucas 17ACR na haichaji tena. Fundi ameniambia aina hii ni ya kizamani mno, niitupe. Duka la vifaa vya boti la ng'ambo limenitajia bei ya kuumiza, na mzigo utachukua mwezi mzima kufika. Jirani ana altaneta ya Toyota ya mtumba, ampea 100, ananiuzia kwa bei rahisi. Mwenye boti anataka kushuka Unguja kabla kaskazi haijaisha. Nifunge ya Toyota au nisubiri mzigo?"

Nahodha, salaam. Ya Toyota usiifunge bado, na pesa za ng'ambo usizitume bado. Hiyo Lucas ndiyo usiitupe kabisa. Katika yote uliyoniandikia sijaona kwamba kuna mtu aliyeipima. Fundi ameitazama, ameona ni ya zamani, akaihukumu kwa umri wake. Mimi nimeshika umeme wa boti muda wa kutosha kujua kwamba nyingi zinazotupwa hivyo zina ubovu wa kutengenezeka kabla ya adhuhuri.

Anza na ile taa ndogo nyekundu ya chaji kwenye paneli. Fungua swichi bila kuwasha injini, taa iwake. Isipowaka, huenda altaneta yako ni nzima. Ndani ya altaneta hii hakuna sumaku ya kudumu. Rota, sehemu inayozunguka ndani, ni koili iliyozungushiwa chuma, na inahitaji umeme kidogo wa betri ili iamke na kuanza kuzalisha. Umeme huo hupita ndani ya balbu ya taa hiyo hiyo. Balbu ikiungua, au mtu akiiondoa na kuweka ya LED kwa sababu inapendeza, njia imefungwa na rota inabaki imelala. Mara nyingine itaamka ukiipandisha injini mizunguko juu sana, kisha kesho inagoma tena, na hapo watu huchanganyikiwa kabisa. Kwenye Lucas balbu inayotakiwa ni ya volti 12, wati 2.2.

Nakwambia hivi kwa sababu niliwahi kuitwa Mtwapa kwenye boti iliyokwisha kubadilishiwa altaneta mbili ndani ya wiki moja. Ya tatu ilikuwa bado ndani ya boksi, mezani. Mzee mwenye boti alikuwa amechoka hata kuzungumza. Nikafungua swichi, taa kimya. Nikachomoa balbu, nikaitazama juani: uzi umekatika, na kioo kimekuwa cheusi upande mmoja. Tuliweka nyingine ya bei ya soda, tukawasha injini, na mita ikapanda hadi volti 14.2. Altaneta ya kwanza, ile ya asili, ilikuwa imeshauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mpaka leo inaniuma.

Taa ikiwaka vizuri, chukua mita. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.6 au 12.7. Washa injini, ipandishe hadi mizunguko 1,500 kwa dakika, upime tena kwenye betri. Unatakiwa kuona kati ya 13.8 na 14.4. Ukikuta bado ni 12.5, usiondoke hapo. Pima nyuma ya altaneta yenyewe. Ukikuta huko ni 14 na zaidi, basi altaneta inafanya kazi yake na umeme unapotea njiani: waya umeoza ndani ya mpira wake, au swichi kubwa ya betri imeliwa na chumvi. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye mwili wa altaneta na nyingine kwenye hasi ya betri, injini ikiwa inaunguruma. Isome karibu na sifuri. Ikizidi volti 0.2, altaneta haishiki vizuri kwenye injini, mara nyingi kwa sababu ya kutu na rangi kwenye kikanda, kile kishikio cha injini inapokaa. Hilo ni suala la msasa na waya mmoja mnene.

Ikiwa vipimo vyote vinaishitaki altaneta, ifungue wewe mwenyewe kabla hujaipeleka kwa fundi rewaya, upate kujua unamwambia nini. Nyuma ya 17ACR kuna kifuniko cheusi cha plastiki. Ukikivua utaona katauti (kidhibiti cha volti), kisanduku cha kaboni (vijiti vinavyopeleka umeme kwenye rota) na bamba la dayodi (zinazogeuza umeme uweze kuchaji betri), vyote mbele ya macho yako. Toa kaboni uzitazame. Zikiwa zimechomoza milimita 5 tu kutoka kwenye kisanduku, zimekwisha. Pete mbili za shaba ambazo kaboni huteleza juu yake, kwa boti za kwetu huwa na ukoko wa kijani. Zifute kwa kitambaa chenye petroli kidogo, kisha msasa laini kabisa, zing'ae. Sasa pima kati ya pete na pete: rota nzima inasoma kati ya omu 3 na 5. Pima kati ya pete na shafti: pasiwe na mpito wowote. Namba hizo zikikubali, rota yako ni hai, na hiyo ndiyo sehemu ngumu kupatikana.

Yaliyobaki yanapatikana au yanatengenezeka. Beringi zina namba zilizochorwa ubavuni, na duka lolote la beringi litakupa zinazolingana. Katauti za Lucas bado zinauzwa. Dayodi fundi anaweza kuzipima moja moja na kubadilisha bamba zima. Hata stata, zile koili zisizozunguka, ikiwa imeungua, ambayo utaijua kwa harufu na vanishi iliyogeuka nyeusi, wapo mafundi wa kusuka koili upya. Ningeanzia hapo bila kusita.

Lakini tuseme rota imekatika, au mwenye boti anataka kuondoka Jumamosi. Sasa tutafute mbadala, na hapa ndipo naomba uniamini: acha kutafuta altaneta ya "Perkins 4-108 ya boti". Perkins wa Peterborough hawakutengeneza altaneta. Waliagiza kwa watu kama Lucas, na Lucas ndiye aliyekuwa akiuza altaneta hizo hizo kwa magari na matrekta ya Uingereza. Kinachoamua kama altaneta itakaa kwenye injini yako ni masikio yake (vishikio vyenye matundu ya bolti), mstari wa puli yake na waya wa nyuma.

Toa ya zamani uilaze juu ya kadibodi. Chora umbo lake lote, matundu ya masikio na sikio la mkono wa kukazia mkanda. Andika upana wa nafasi kati ya sikio la mbele na la nyuma, kipenyo cha tundu la bolti, na umbali kutoka tundu hilo hadi tundu la mkono wa kukazia. Halafu chukua kipimo ambacho karibu kila mtu hukisahau: kutoka uso wa sikio la mbele hadi katikati ya mfereji wa puli. Kipimo hiki kikikosewa hata kwa milimita 3, mkanda utakwenda upande, utaanza kumwaga unga mweusi, na ndani ya saa chache utaukuta ngamani, chini kabisa ndani ya boti, umechanika. Pima pia upana wa mkanda na kipenyo cha puli. Kata kadibodi hiyo uiweke mfukoni. Dukani itakusaidia kuliko namba yoyote.

Mbadala ninaoupendekeza ni Lucas A127. Ndiyo iliyorithi nafasi ya ACR kwenye magari mengi ya Uingereza, na masikio yake yanakaribiana sana na ya zamani. Wenye Land Rover kuukuu wamekuwa wakibadilisha hivyo kwa miaka. Land Rover Defender zimeifunga, nyingi zikiwa za ampea 65, wakati 17ACR yako ni ya ampea 36. Na spea za Land Rover hazikupi shida huku kwetu: tafuta Mombasa, la sivyo piga simu Nairobi kwenye maduka ya Kirinyaga Road, au Arusha ambako magari hayo bado yanabeba watalii. Basi la usiku litakuletea. Ulizia ya injini ya 200Tdi, maana ile ina puli ya mkanda wa V kama wako. Ya 300Tdi ina puli ya mkanda bapa wenye mifereji mingi. Nayo inafaa, ila itabidi uhamishe puli yako ya zamani. Kabla hujalipa, hakikisha tundu la puli yako linaingia kwenye shafti, kwa sababu kuna shafti za milimita 15 na za milimita 17. Kufungua nati ya puli, zungushia puli mkanda mkuukuu, ibane kwenye jiriwa, nati itatoka bila kuumiza kitu.

Huenda sikio la kukazia likawa upande usiofaa. Usiirudishe. Fungua zile bolti ndefu zinazoshika nusu ya mbele na ya nyuma, uzungushe nusu moja hatua moja, ufunge tena. Fanya polepole, nyaya za stata zisivutike.

Ukiifunga, kuna jambo moja dogo la kuangalia kwa karibu. Kwenye tundu la sikio la nyuma kuna bushi ya chuma inayoteleza. Kazi yake ni kujisogeza yenyewe unapokaza bolti, izibe nafasi iliyobaki kati ya sikio na kikanda. Kwenye altaneta ya mtumba bushi hiyo huwa imegandishwa na kutu. Ukikaza bolti hivyo hivyo, sikio la alumini linapinda kufuata kikanda, na baada ya wiki kadhaa za mtetemo wa dizeli linapasuka. Igonge kwa nyundo ndogo itoke, isafishe, ipake grisi, uirudishe. Kisha weka rula iliyonyooka kwenye puli ya injini na ya pampu ya maji, uone kama ya altaneta iko kwenye mstari huo. Washa (pete bapa za chuma za kuweka kwenye bolti) nyembamba, moja au mbili, humaliza tofauti.

Sasa ya Toyota ya jirani. Siikatai kwa sababu ya Toyota. Ni altaneta za kudumu sana. Naikataa kwa hizo ampea 100. Piga hesabu: ampea 100 kwa volti 14 ni wati 1,400. Altaneta ya kawaida hupoteza karibu nusu ya nguvu inayopewa, ikageuka joto. Kwa hiyo mkanda wako utabeba karibu wati 2,800, yaani nguvu farasi karibu 4. Injini ya nguvu farasi 50 inaweza kuutoa mzigo huo, lakini mkanda wa V wa milimita 10 hauwezi kuubeba. Mwisho wake ni kama ampea 80, na hiyo ni kwa mkanda mzuri uliokazwa sawasawa. Na kwenye 4-108 mkanda huo mmoja ndio unaozungusha pampu ya maji baridi ya injini. Ukikatika njiani, chaji inakwenda na injini inachemka papo hapo. Usiku, upepo umelala, mkondo unakusukuma kwenye mwamba: ndio wakati utakaouhitaji mkanda huo kuliko kitu chochote.

Isitoshe, hutaziona hizo ampea 100. Namba hiyo imepimwa shafti ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, altaneta ikiwa baridi. Perkins yako ikitembea kwa mizunguko 1,800, na puli ya injini ikiwa na upana mara mbili ya ile ya altaneta, shafti inazunguka mara 3,600 tu, ndani ya chumba cha injini chenye joto la kupikia. Mwenye boti akitaka umeme zaidi wa friji, mshauri anunue paneli za jua. Kilifi jua halina msimu wa kukosekana.

Kama jirani ana Toyota ndogo, ya ampea 50 hadi 70, yenye plagi ya matundu matatu yenye alama IG, S na L, hiyo nitaikubali iwapo kadibodi yako itaikubali. L inakwenda kwenye taa ya chaji, IG kwenye umeme unaotoka kwenye swichi, na S moja kwa moja kwenye chanya ya betri ili katauti isome volti za kweli. Jihadhari na aina tatu. Ya kwanza ni zile za Hiace za dizeli zenye pampu ya vakyumu mgongoni. Pampu hiyo inataka bomba la oili ya injini, na kwako haina kazi. Ya pili ni za magari mapya ambazo chaji yake inaamriwa na kompyuta ya gari. Bila kompyuta hazieleweki. Ya tatu ni za volti 24, ambazo hutoka kwenye malori na baadhi ya Land Cruiser, na dukani hukaa rafu moja na za volti 12.

Waya wa zamani uliochukua ampea 36 usiuachie ampea 65. Kwa mwendo wa mita 2 kwenda na 2 kurudi, weka shaba ya milimita za mraba 25, na fyuzi karibu na betri. Kama boti ina ile swichi ya betri ya 1, 2, zote, na kuzima, bandika karatasi pembeni yake: swichi isizimwe wakati injini inaunguruma. Altaneta ikikosa betri ghafla, volti zinaruka juu na dayodi zinakufa kwa sekunde moja. Mabaharia wageni huzima swichi hiyo wakidhani wanaokoa umeme. Na ikiwa mwenye boti ameshaweka betri za lithiamu, niandikie tena kabla hujaunganisha chochote, kwa sababu lithiamu hunywa ampea zote bila kupumzika na altaneta ya gari huungua ikijaribu kuishibisha.

Kama dira ya mizunguko ya injini yako ni ya umeme, itahitaji teminali yenye alama W. A127 nyingi zinayo. Isipokuwepo, fundi anaweza kuunga waya mmoja kutoka kwenye ncha ya stata kabla haijafika kwenye dayodi, na ukibadilisha ukubwa wa puli dira itasema uongo mpaka irekebishwe. Kama ni ya kebo, haikuhusu.

Watu watakuambia altaneta ya gari ni hatari botini. Kwa injini ya petroli ni kweli, maana kaboni hutoa cheche na mvuke wa petroli hutulia chini ngamani. Huko lazima iwe ile iliyozibwa kwa ajili hiyo. Kwa dizeli yako hakuna shida hiyo, mradi dumu la petroli la mashine ya dingi lisikae karibu na injini na mtungi wa gesi usivujie ndani. Dumu hilo liweke juu, nje, leo hii.

Tofauti kubwa kati ya ya gari na ya boti ni jinsi inavyovumilia chumvi. Mwambie fundi aipake stata vanishi kabla ya kuifunga, na wewe paka grisi kwenye kila teminali. Kisha tafuta kilichoiua ya kwanza. Kwenye injini nyingi za umri huu nimekuta sili ya pampu ya maji ya bahari inavuja, tone moja moja, na feni ya altaneta inayavuta maji hayo ndani. Pitisha kidole chini ya pampu ikiwa inazunguka. Kikitoka na maji, ramba: kama ni chumvi, badilisha sili kabla ya altaneta mpya haijaingia.

Ukishafunga, zungusha injini saa moja ukiwa bado umetia nanga, zima, ukaze mkanda tena. Mpya hulegea mapema. Ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati, uingie kama milimita 10. Ile 17ACR ikirudi kutoka kwa fundi ikiwa hai, itie kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana, pamoja na mkanda wa akiba, balbu mbili za wati 2.2 na spana mbili za bolti zake, uiweke mahali unapoweza kuifikia gizani. Nitumie picha ya kadibodi yenye vipimo kabla hujanunua. Nitakujibu siku hiyo hiyo.